MALIWAZO YA NYUMBA NA BUSTANI KWA WALIOHARIBIKIWA NA MIMBA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye katika watoto wake saba alifiwa na sita katika uhai wake, na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake wote.

Waama baada ya hayo: katika mambo ambayo wanaume wa Kiislamu wa pwani huyapita bila ya kuyasemea, mojawapo ni huzuni ya mimba iliyoharibika. Afapo mtu mzima, mtaa wote hukusanyika. Turubai hufungwa, jeneza hubebwa, khitma husomwa, na wafiwa hupewa mkono wa tanzia. Lakini iharibikapo mimba ya miezi mitatu au minne, mwanamke hurudi kutoka hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke amejitanda khanga yake, huingia chumbani, na mlango hufungwa. Asubuhi yake mume huenda kazini. Majirani huambiana kwa sauti ya chini. Siku ya tatu mwanamke huonekana uani akifua, na watu husema kuwa amekwisha poa; wala hakupoa.

Na yuko mwanamke ambaye katika huzuni kama hiyo haoni raha ila katika nyumba yake na mimea yake. Huamka alfajiri akafagia uani, akamwagilia mrehani na asumini, akakaa chini ya mpapai mpaka jua likapanda. Na hapo ndipo kifua chake hupungua uzito. Baadhi ya watu humwona wakamlaumu. Hawa husema kuwa mwenye subira hana haja ya miti wala maua, kwani maliwazo yake ni Mwenyezi Mungu peke yake. Wale husema kuwa hana uchungu, maana mwenye uchungu hapandi mchicha. Na mume, akiwa baina ya maneno haya na yale, hajui amkataze au amwache.

Basi mas'ala haya yana mafungu matatu. La kwanza: je, yafaa kumhuzunikia ambaye hakuonekana duniani? La pili: je, kutafuta maliwazo katika nyumba na bustani kunapunguza subira? La tatu: ni ipi kazi ya mume katika jambo hili?

FUNGU LA KWANZA: HUZUNI YA ASIYEONEKANA

Wako wasemao kuwa mimba iliyoharibika si msiba, kwa kuwa hakufa mtu. Kauli hii imechanganya mambo mawili, nayo ni hukumu za maiti na uchungu wa mzazi. Hukumu za maiti zina mipaka yake, na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wameieleza. Aliyetoka akaonyesha alama ya uhai, kama kulia au kutikisika, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na huzikwa. Aliyedhihirika umbo la binadamu bila ya alama ya uhai, huoshwa, hukafiniwa na huzikwa, wala haswaliwi. Na ambaye umbo lake halijadhihirika, hapana lililo wajibu juu yake, illa ni sunna asitiriwe kwa kitambaa na azikwe. Tazama basi: hata huyu wa mwisho, ambaye hapana macho yaliyoona uso wake, sharia haikupenda atupwe. Imempendelea kitambaa na shimo la ardhi. Itakuwaje sharia imsitiri, kisha watu wamwambie mama yake kwamba hapakuwa na kitu?

Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277 Miladia, ametaja katika kitabu chake cha Al-Adhkar kuwa ni sunna mtoto aliyeharibika apewe jina. Na asipojulikana kuwa ni mume au ni mke, apewe jina lifaalo kwa wote wawili. Katika majina aliyoyataja limo Zur'a, na asili ya jina hilo katika Kiarabu ni ile ile ya kupanda mbegu. Kitu kipewacho jina si kitu kisichokuwapo.

Ama uchungu wa mzazi, huo haungoji umbo kukamilika. Mwanamke huanza kuwa mama siku ajuapo kuwa ana mimba. Huhesabu miezi, huweka kanga za kumpokelea mtoto, na humtafutia jina kwa moyo wake. Kinapokatika hicho, humkatikia kitu kikubwa, japokuwa watu hawakukiona. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, ilhali yeye ndiye aliyetajwa katika Qurani kwa subira njema. Na Mtume (s.a.w.), alipofiwa na mwanawe Ibrahim, ambaye hakutimiza miaka miwili, alitokwa na machozi mbele ya Sahaba zake, akawafahamisha kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, na kwamba lililokatazwa ni kusema lisilomridhi Mola. Basi machozi si upungufu wa imani. Lililo haramu ni ukelele wa maombolezo, kuchana nguo, na kumpinga Mwenyezi Mungu katika hukumu yake.

Na siku ile ile jua lilipatwa. Wataalamu wa hisabu za nyota wanaitaja kuwa ni tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kufa Ibrahim. Naye Mtume, katika uchungu wake, akawakatalia, akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Hapa pana funzo kubwa kwa watu wa pwani, ambao mimba ikiharibika hutafuta mkosaji: mara ni kijicho cha jirani, mara ni wifi, mara ni mzimu, na mara nyingi ni mwanamke mwenyewe. Hata ulimi wa Kiswahili umemtia hatiani, kwani watu husema "ameharibu mimba," kana kwamba yeye ndiye aliyekusudia. Na matabibu wa zama hizi wamethibitisha kuwa katika mimba 100 zijulikanazo, kiasi cha 10 mpaka 20 huharibika, na nyingi katika zile za miezi mitatu ya mwanzo huharibika kwa sababu ya kasoro iliyotokea katika asili ya kiumbe chenyewe tangu kuanza kuumbwa. Haikuwa ndoo ya maji aliyoibeba, wala safari ya daladala, wala hasira aliyoifanya. Ziko pia sababu za maradhi, kama malaria na kaswende, na hizo hupimwa na kutibiwa hospitali, mke na mume pamoja, hazipigiwi ramli.

FUNGU LA PILI: JE, BUSTANI INAPUNGUZA SUBIRA?

Asemaye kuwa maliwazo ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake amesema kweli, lakini amesahau kuwa Mwenyezi Mungu huwaliwaza waja wake kwa sababu alizoziumba. Njaa huiondoa yeye, naye ameiondoa kwa chakula. Kiu huiondoa yeye, naye ameiondoa kwa maji. Vivyo hivyo huzuni.

Na dalili iliyo wazi ni kisa cha Bibi Maryam (a.s.) katika Sura iitwayo kwa jina lake. Uchungu wa kuzaa ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani lau angalikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Mwanamke mwema kuliko wanawake wa zama zake alifikia kutamani mauti! Basi jawabu aliyopewa ilikuwaje? Hakukemewa, wala hakuambiwa kuwa imani yake imepungua. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, kisha ale, anywe, na moyo wake utulie. Maji, mti, na tunda: hiyo ndiyo dawa aliyopewa na Mola wake katika saa ile. Na tena akaachiwa asiseme na watu. Mwenye kuisoma aya hii kisha akamkataza mwanamke mwenye huzuni kukaa chini ya mti wake, na afikiri tena.

Na Bibi Mariya Mkibti, mama yake Ibrahim, makao yake yalikuwa katika mitende ya juu ya Madina, mahala palipojulikana baadaye kwa jina la Mashrabat Umm Ibrahim. Hapo ndipo alipokuwa akijiwa na Mtume (s.a.w.), na watu wakapaita kwa jina la mama wa mtoto hata baada ya mtoto kuzikwa Baqii. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 16 wa Hijra, katika ukhalifa wa Seyyidna Umar. Bustani yake haikumfanya kuwa mama aliyemsahau mwanawe. Jina la pale pahala lilimkumbusha killa siku.

Kisha zingatia jambo jingine. Damu imtokayo mwanamke baada ya mimba kuharibika, hata ikiwa kilichotoka ni pande la damu au pande la nyama ambalo wakunga wamesema kuwa ni asili ya mtu, katika madhehebu ya Shafii ni damu ya nifasi. Haswali wala hafungi mpaka itwahirike. Kawaida yake ni siku 40, na wingi wake ni siku 60. Basi mwanamke huyu, katika siku alizo na haja kubwa ya kusujudu, sijida amezuiliwa, na msahafu haugusi. Amebakiwa na nini? Amebakiwa na dhikri na dua, ambazo hazina kizuizi kwake. Na Qurani imefahamisha kuwa hapana kitu ila kinamsabihi Mola wake, japo watu hawaifahamu tasbihi hiyo. Mtume (s.a.w.) alichukua kuti bichi, akalipasua mara mbili, akaliweka juu ya makaburi mawili, akitaraji kupunguziwa adhabu waliomo muda wa kuwa hayajakauka, na wanazuoni wengi wakasema kuwa sababu yake ni tasbihi ya kile kilicho kibichi. Basi mwanamke akaaye katika bustani yake akitaja "Subhana Llah" amekaa katika jamaa ya wenye kusabihi, siku ambazo safu za swala hana nafasi nazo.

Ama wasemao kuwa mwenye uchungu hapandi, hao na wakumbuke Hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad, ya kuwa Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, naye akaweza kuupanda, basi na aupande. Apandaye siku ile hatarajii kuvuna. Na katika Sahihi ya Muslim imo kuwa Mtume aliingia katika mitende ya mwanamke wa Kiansari, Umm Mubashshir, akabainisha kuwa Mwislamu hapandi mti wala hapandi mbegu, akala humo mtu au mnyama au ndege, ila huandikiwa sadaka. Mwanamke aliyepoteza tunda la tumbo lake, akapanda mpapai ambao jirani atakula, amepanda pasipo na hakika ya kesho. Hiyo ni subira yenye mikono.

Wala si ajabu kuwa bustani imekaribiana na msiba huu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Al-Baqara kuwa atawajaribu waja wake kwa upungufu wa mali na nafsi na matunda. Na imepokewa kutoka kwa Imam Shafii mwenyewe kuwa matunda hapo ni kufa kwa watoto. Na katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, afiwapo mja na mwanawe, Malaika huulizwa kama wamelitwaa tunda la moyo wake, na mja wangu alisemaje. Wakijibu kuwa alishukuru na akasema "Inna lillahi," huamrishwa ajengewe nyumba Peponi iitwe Baitul Hamd, Nyumba ya Shukurani.

Wenye mashamba ya pwani wanalijua jambo hili kwa macho yao. Mnazi hutoa upunga, upunga ukafanya vidaka, na vidaka vingi huanguka kabla ya kuwa vitale. Na kile kitakachosalia huhitaji kiasi cha mwaka mzima mpaka kiwe nazi. Hapana mwenye shamba aukataye mnazi kwa ajili ya vidaka, wala hausemi kuwa umeharibu. Anajua kuwa mti uangushao vidaka ndio ule ule uchukuao nazi. Mfano huu ni wa kuondoa lawama tu. Haupimi uchungu, kwani mtoto si kidaka, na moyo wa mama si shina la mnazi.

FUNGU LA TATU: KAZI YA MUME

Mwenyezi Mungu ameziita nyumba kuwa ni maskani, mahala pa kutulia, na akaeleza kuwa mke na mume wameumbwa ili watuliane. Basi nyumba isiyo na utulivu ni kuta na bati tu. Na mwenye kuulizwa juu ya nyumba ni mume.

Mathalan mtu anakaa Tandika au Mbagala katika chumba cha kupanga, nyumba ina vyumba sita na uani ni mmoja. Mkewe amerudi na huzuni yake. Upande wa kulia yuko mwanamke anyonyeshaye, upande wa kushoto yuko amuulizaye killa siku, "Vipi, mara hii haikukaa?" Mtu huyu hana shamba wala bustani. Je, yeye maneno haya hayamhusu? Yanamhusu zaidi. Ndoo iliyotoboka, gunia la mchanga uliochanganywa na samadi, au debe kuukuu lililowekwa kando ya mlango, hutosha kuotesha mrehani. Na mchicha uliopandwa kwenye gunia huchumwa kwa muda wa wiki tatu au nne. Maji yaliyooshewa mchele humwagiwa mche. Na akiwa mtu wa Bunju au Toangoma, mwenye kiwanja chake, basi na apande mlimau au mpapai mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, au za vuli mwezi wa Oktoba. Kazi ya kuchimba shimo na kubeba samadi ni ya mume. Asimwachie mwanamke aliyetokwa na damu.

Na kabla ya mti yako yaliyo wajibu zaidi. Kwanza, mke akitokwa na damu nyingi, au akipata homa au maumivu makali, apelekwe hospitali saa ile ile. Maliwazo si badala ya tiba. Pili, mume awaulize wauguzi mapema juu ya kile kilichotoka, akichukue na akisitiri kama sharia ilivyotaja. Tatu, aufunge mlango wa masuali: yeye ndiye awajibuye mama yake, dada zake na majirani, ili mke asiulizwe. Nne, asimtishe kwa talaka wala kwa mke wa pili katika siku hizo. Ndoa ya pili ina sharia zake na wakati wake, lakini kuitaja mbele ya mwanamke ambaye damu yake haijakauka ni ukatili, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mbora wa watu ni aliye mbora kwa wakeze.

Tano, amlishe. Bibi Aisha (r.a.), pakiwa na msiba katika watu wake, alikuwa akiamrisha kupikwa talbina, nao ni uji wa unga wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Na alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula, kwani limewafikia la kuwashughulisha. Mwanaume wa Kinondoni awezaye kununua kahawa barazani anaweza kununua unga wa uji. Na akiupika mwenyewe hapungukiwi heshima.

Sita, akae naye. Wanaume wengi huikimbia nyumba katika siku hizo, wakadhani wanamwachia nafasi, kumbe wenyewe wana huzuni wasiyoijua jina lake. Mwanaume naye alikuwa baba. Naye alihesabu miezi. Akikaa na mkewe nusu saa baada ya swala ya Alasiri, wakatazama mche ulivyochipua, hata bila ya maneno mengi, amemliwaza na amejiliwaza.

TAHADHARI

Mti upandwao ni mti, wala haujawa zaidi ya mti. Haufungwi kitambaa chekundu, haufukiziwi ubani kwa kuombwa mtoto, wala haufanywi makao ya roho ya aliyeharibika. Ukikauka, hapana nuksi, mwengine utapandwa. Na huzuni ikizidi, mwanamke akawa halali, hali, wala haoni faida ya kuishi, basi hayo ni maradhi yenye matabibu wake, na kumpeleka kwao ni katika kushika sababu.

Ama malipo, wenye msiba huu wana habari njema. Imo katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) katika ndoto yake alionyeshwa bustani yenye mimea mingi, na ndani yake mtu mrefu, naye ni Nabii Ibrahim, amezungukwa na watoto wengi waliokufa katika umbile la asili. Na imepokewa na Ibn Majah kuwa mtoto aliyeharibika humvuta mama yake kwa kitovu chake mpaka Peponi, akiwa alitaraji thawabu. Isnadi yake imesemwa na baadhi ya wanazuoni, lakini wengine wameitaja katika mlango wa fadhila. Na ambaye mimba yake ilitoka kabla ya kupuliziwa roho, huyo naye hakukosa, kwa kuwa imethibiti katika Sahihi mbili kuwa Mwislamu hapatwi na tabu wala huzuni, hata mwiba umchomao, ila husamehewa kwa huo baadhi ya makosa yake.

Basi na aachiwe mwanamke bustani yake, na mume amsaidie kuilima. Ewe Mola, walipe kheri wote waliopotewa na matunda ya nyoyo zao, zifanye nyumba zao kuwa maskani, na uwajengee kwako ile Nyumba ya Shukurani. Amin.

Wallahu aalam.